Nusu Lita ya Maji Matamu

Masika iliyopita, saa saba za usiku, mlango wangu hapa Mkomani, Mombasa, ulibishwa. Nje alisimama msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mvua imemlowesha, mwanawe wa miezi minane amemfunga kifuani kwa leso.

"Shikamoo, nyanya. Niwie radhi kwa usiku huu."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana nini?"

"Anaendesha tangu alasiri. Mara sita sasa, na ameanza kutapika. Dawa zote nimempa, hakuna iliyomshika."

Nilimwambia anioneshe hizo dawa. Akazitoa mfukoni moja moja: Flagyl ya maji iliyobaki tangu kaka yake mtoto alipougua, kopo la glukosi la dukani, na chupa ya soda aliyoitikisa hadi gesi ikaisha. Mwisho kabisa akatoa pakiti ya ORS iliyokatwa pembe na kukunjwa, unga umebaki nusu. "Hii nilimpa saa kumi," akasema. "Haikufanya kitu. Aliendelea kuendesha, nikaiacha."

Nimestaafu uuguzi, na maneno hayo mawili, "haikufanya kitu," nimeyasikia tangu nilipovaa sare mara ya kwanza. Kati ya vitu vinne alivyokuja navyo, kile alichokiacha ndicho pekee kilichoweza kumsaidia mwanawe. Lakini simlaumu, kwa sababu aliyempa pakiti ile hakumwambia jambo la kwanza ambalo kila mzazi anastahili kuambiwa: ORS haizuii kuendesha. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini kwa kasi ile ile zinavyotoka, mpaka tumbo litulie lenyewe kwa siku zake, ambazo mara nyingi hazizidi wiki moja. Kinachoua mtoto mchanga ni ukavu. Mzazi asiyelijua hilo atahesabu nepi chafu, ataona hazipungui, na pakiti ataitupa. Mimi ninakuomba uhesabu vitu viwili vingine: vijiko vinavyoingia na mikojo inayotoka.

Ukielewa kwa nini dawa hii inafanya kazi, utaivumilia. Ndani ya ukuta wa utumbo mwembamba mna milango midogo ambayo chumvi na sukari hupita kwa pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Milango hiyo hubaki wazi hata utumbo unapomwaga maji kama mfereji uliosahauliwa. Mwaka 1968 watafiti waliokuwa Dhaka, wakiwemo David Nalin na Richard Cash, walionesha kwamba hata mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilisukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Katika kambi za Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na chupa za dripu huku wagonjwa wamelala sakafuni. Akachanganya chumvi, glukosi na magadi katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Walioshika vikombe vile walikuwa akina mama, mashangazi na kaka waliokaa chini kando ya wagonjwa wao, wakawanywesha usiku na mchana. Kila ninapomsikia mzazi akisema "mimi si daktari, nitafanya nini?" huwakumbuka hao.

Sasa tuje kwenye pakiti yenyewe, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Pakiti nyingi zinazotolewa katika vituo vyetu na kuuzwa katika kemisti ni za nusu lita. Lakini zipo za lita moja, na zipo ndogo za mililita 200. Imeandikwa ubavuni, na ukishindwa kuisoma mwambie anayekupa akusomee kwa sauti. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimfundisha mama mmoja kuchanganya pakiti ya lita moja. Nilifundisha vizuri, akaitikia vizuri, akaenda. Nyumbani kwake hakikuwamo chombo cha lita. Kilikuwamo cha nusu. Kesho yake alimrudisha mtoto mwenye kiu isiyokatika, mkali, analia kila akiguswa, kwa kuwa chumvi ilikuwa imezidi. Mtoto alipona, lakini kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile sijamuuliza mzazi "umeelewa?" Humuuliza: "Nyumbani una chupa gani?"

Chupa iliyo rahisi kupata ni ile ya maji ya dukani ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni, isuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ijaze maji salama, mwaga unga wote wa pakiti moja, funga, tikisa mpaka uyeyuke. Unga wote, kwa mara moja. Yule msichana alitia nusu ya pakiti katika kikombe cha chai kwa kukisia, na huwezi kujua katika nusu ile chumvi ilikuwa ngapi na sukari ngapi. Usiongeze sukari kwa ajili ya ladha, usitie maji ya matunda, usichemshe ukishachanganya. Ifunike, na ikipita siku moja, saa 24, imwage uchanganye nyingine. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha vipimo vya pakiti duniani kote, wakapunguza chumvi na sukari, baada ya kuonekana kwamba mchanganyiko mwepesi zaidi hupunguza haja na matapishi. Ikiwa gramu chache zimewafanya wabadilishe dawa ya dunia nzima, nasi tusikisie kwa jicho.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikuliwaza. Sisi tunaokaa ng'ambo ya kisiwa, iwe Mkomani, Kisauni au Likoni, tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi kwa sababu bahari huingia chini kwa chini. Maji ya mfereji, yanayotoka mbali, Mzima na Baricho, huja kwa zamu, na yakikatika tunanunua mitungi kwenye mkokoteni bila kujua mwenye mkokoteni kayateka wapi. Maji ambayo ulimi unaitambua chumvi yake yanafaa kufulia na kupigia deki. Hayafai kuchanganyia ORS, kwa sababu chumvi ya pakiti ilipimwa kwa maji matamu. Ukiongeza ya kisima, unamnywesha mtoto dozi nyingine bila kujua. Na usidhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haitoki. Tena huzidi, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki sufuriani. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu, haiondoi chumvi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano ni huu: siku mfereji unapotoa, chemsha maji matamu, yajaze katika chupa mbili safi, yafunike, uyaweke kando na pakiti mbili za ORS. Yabadilishe kila mara maji yanapokuja. Usiku wa ugonjwa hutaanza kutafuta mkokoteni.

Pakiti ikikosekana kabisa, kuna mchanganyiko wa nyumbani: lita moja ya maji matamu yaliyo salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Uonje kabla ya kumpa mtoto. Usizidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu na ni rahisi kukosewa, kwa hiyo ni wa kuvushia tu mpaka pakiti ipatikane.

Watu huniuliza kuhusu dafu. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo mno kwa mtoto anayemwaga chumvi kila nusu saa. Mtoto aliyekwisha kuanza kula anaweza kupewa kidogo juu ya ORS. Asipewe badala yake. Glukosi ya kopo na soda ni habari nyingine kabisa: ni sukari nyingi isiyo na chumvi ya kwenda nayo mlangoni, na sukari iliyobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini. Mama anadhani anampa nguvu, kumbe haja inayofuata imekuwa ya majimaji zaidi. Chai ya rangi yenye sukari ni vivyo hivyo.

Turudi kwa mtoto wa usiku ule. Nilimlaza kwenye mkeka karibu na taa. Macho yalikuwa yameingia kidogo, midomo mikavu, alilia bila machozi. Nilimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, katikati ya kitovu na ubavu, nikaiachia. Ilirudi polepole, ingawa haikukaa. Nilipomsogezea kijiko alikirukia kwa pupa. Kiu ile ilinipa moyo, kwa sababu mtoto anayeweza kunywa unaweza kumvusha. Lakini alama kama hizo zikikusanyika mtoto si wa kubaki nyumbani. Nilimwambia mama yake atafute tuktuk, nami nikaanza kuchanganya.

"Nyanya, atatapika tu," akasema.

"Akitapika tutangoja dakika kumi, tuanze tena taratibu zaidi. Kaa hapa, ushike kijiko."

Mtoto anayetapika hapewi kwa chupa ya kunyonyea wala kwa mafunda makubwa. Anapewa kwa kijiko cha chai, na hesabu yake ni nyepesi. Mtoto aliyeanza kukaukiwa anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa nne. Huyu alikuwa na kilo nane, kwa kadi yake ya kliniki. Mara 75, ni mililita 600, chupa ya nusu lita na kidogo zaidi. Kijiko cha chai kinabeba mililita tano. Kijiko kimoja kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, na kwa saa nne ni zile zile 600. Vijiko 120. Ukiiona chupa nzima utakata tamaa, lakini kijiko kimoja kila dakika mbili mtu yeyote anaweza. Mama akichoka, anashika baba. Baba akisinzia, anashika shangazi. Mtoto akitaka zaidi, apewe zaidi. Na katikati ya vijiko anyonyeshwe, maana maziwa ya mama hayasimamishwi hata dakika moja kwa sababu ya kuendesha.

Kwa mtoto ambaye bado hajakauka, ambaye ndiyo kwanza ameanza na anacheza kama kawaida, hupimi uzito. Kila akiendesha, mpe robo kikombe hadi nusu kikombe ikiwa hajafika miaka miwili, yaani mililita 50 hadi 100; aliyezidi hapo apewe maradufu. Anza na haja ya kwanza ya majimaji. Usingoje ya tatu uone kama itakatika. Lau yule msichana angechanganya ile pakiti ya saa kumi sawasawa na kuendelea nayo, nadhani usiku ule tungelala sote.

Tuktuk ilikuja. Kituo cha afya cha Kongowea ndicho kilicho karibu mchana. Usiku na kwa mgonjwa mzito, wengi wa huku huvuka Daraja la Nyali kwenda Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani. Wa Likoni wana hospitali yao ya Likoni, wa Changamwe wana Port Reitz. Popote unapokwenda, chupa na kijiko uende navyo. Nimewaona wazazi wanaoacha kila kitu nyumbani kwa kuwa "tunampeleka kwa daktari", kisha wanakaa saa nzima darajani katika msongamano wa asubuhi, au wanangoja ferry, na mtoto anakauka mikononi mwao bila tone. Ndani ya tuktuk ile tulimpa vijiko kumi na vinne. Vitatu alivitapika. Kumi na kimoja vilibaki.

Kuna hali ambazo hutakiwi kukaa na kupima hata kidogo, bali ni kuondoka mara moja huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza: mtoto amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, ana homa kali, kinyesi kina damu, au ngozi ya tumbo ukiibana inakaa kama hema sekunde mbili na zaidi. Mtoto wa chini ya miezi miwili aende hata kama alama ni chache. Aliyekonda sana au mwenye miguu iliyovimba naye aende, na mhudumu aambiwe mapema, kwa sababu ngozi ya mtoto aliyekonda hudanganya na maji yake hupimwa kwa namna nyingine. Kinyesi kikiwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, kinachomwagika bila kukoma, fikiria kipindupindu. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi, na kwa ugonjwa ule saa chache ni nyingi.

Juu ya utosi niseme neno. Bibi zetu walijua kwamba utosi ukibonyea mtoto yuko hatarini, na waliona sawa. Tofauti ni katika tiba. Utosi umebonyea kwa sababu maji yamepungua ndani. Kuupaka dawa au kusukuma kaakaa kwa kidole hakuurudishi juu. Maji yakirudi, nao hurudi. Kuhusu wanaosema ni meno yanayomwendesha, mtoto wa miezi minane ana meno yanayoota na pia ana mikono inayookota kila kitu chini na kukitia kinywani. Kinachomwendesha ni hicho cha pili. Wengine watakwambia ni chirwa, yaani mtoto anaumwa kwa kosa la mzazi, watamtazama mama kwa jicho la lawama, na siku mbili zitapotea katika kutafuta nani alikosa nini. Mtoto hana siku mbili. Na familia inayomnywesha kombe, maji yaliyooshea aya, siibishii dini yake: naomba tu maji ya kombe yawe yaliyochemshwa, yawe kidogo, na kijiko cha ORS kisisimame kulingojea.

Ukifika kituoni, zungumza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2024, uliofanywa katika majimbo ya Karnataka na Bihar nchini India, ulichunguza kwa nini wahudumu wanaoijua ORS hawaiandiki. Sababu kubwa waliyoikuta ni kwamba wahudumu hudhani mzazi haitaki, anataka dawa "ya nguvu". Mzazi alipotamka mwenyewe kwamba anapendelea ORS, aliandikiwa mara nyingi zaidi. Nimefanya kazi upande wa pili wa meza, nami nakiri kwamba ndivyo ilivyo hata kwetu: mama anakutazama kwa huzuni ukimpa pakiti, unajikuta unaongeza chupa ya antibiotiki ili aondoke ameridhika. Basi sema wazi: "Daktari, naomba ORS na zinki." Na ukiandikiwa antibiotiki, uliza kwa adabu ni ya nini. Kuhara kwa damu kuna antibiotiki yake, kipindupindu kilichokolea vilevile. Lakini kuhara kwingi kwa watoto wachanga kunatokana na virusi, ambavyo Flagyl haiviwezi. Dawa za kufunga tumbo, kama loperamide, mtoto mchanga asipewe kabisa. Hufungia uchafu ndani na zinaweza kumdhuru vibaya.

Mtoto wetu aliwekwa kwenye kona ya kunyweshea, benchi la mbao lenye meza na jagi, na muuguzi wa zamu akatuhesabia. Hakuwekewa dripu, na mama yake hapo mwanzo alinung'unika: kwa macho yake dripu ndiyo matibabu. Nikamweleza kwamba dripu ni ya mtoto asiyeweza kunywa au aliyekauka kupita kiasi, na kwamba sindano katika mshipa mwembamba kama uzi ina hatari zake. Alfajiri, yapata saa kumi na moja, aligusa kitambaa cha mtoto akaniangalia. "Nyanya, amekojoa." Siku za ugonjwa mvalishe mtoto kitambaa, kwa kuwa nepi za kutupa huficha mkojo. Usipoona mkojo kwa saa sita, usingoje.

Kilichobaki watu hukisahau kwa sababu mtoto ameanza kucheka. Zinki ni kidonge kimoja kwa siku, cha miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi sita hupewa nusu yake, kama mhudumu atakavyoandika. Kinayeyushwa katika kijiko cha maziwa ya mama au maji safi. Akikitapika mapema, ndani ya nusu saa, arudiwe. Tangu 2004 kimependekezwa pamoja na ORS kwa sababu hufupisha ugonjwa na hupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi miwili mitatu inayofuata. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliviweka vyote viwili katika pakiti moja kwenye orodha yake ya dawa muhimu za watoto. Uliza kama ipo.

Na chakula. Kumnyima mtoto chakula ili "tumbo lipumzike" kunamkondesha tu, na aliyekonda huendesha tena. Uji wa mchele, ubwabwa, ndizi iliyopondwa, pojo iliyochujwa, kidogo kidogo na mara nyingi, na tone la mafuta juu. Akipona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili arudishe uzito.

Kuhusu kuzuia nitasema machache, kwa kuwa kila mtu huyasema. Chanjo ya rota iliingia katika ratiba ya Kenya Julai 2014 na huanza wiki ya sita. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi wameona wanaolazwa kwa rota wakipungua tangu hapo, ingawa haizuii kila aina ya kuhara. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata katika joto la kaskazi la Februari linalotufanya sisi tulale nje. Maziwa ya mama yana maji yake ndani. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha, tumia kikombe. Na mavi ya mtoto si "safi" kama tunavyopenda kusema: yanabeba vijidudu vilevile, yatupwe chooni, na mkono uoshwe kwa sabuni kabla ya kugusa sufuria.

Duniani kuhara bado kunaua watoto zaidi ya 440,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na pakiti hizi zina zaidi ya nusu karne. Nilimwambia hivyo yule msichana tulipokuwa tunarudi, jua limechomoza na daraja limejaa magari, mtoto amelala.

Wiki moja baadaye nilipita kwake. Chupa ya nusu lita ilikuwa imeoshwa na kuangikwa jikoni, chupa mbili za maji matamu zimepangwa juu ya kabati, na kadi ya vidonge vya zinki imetundikwa ukutani kwa msumari karibu na kalenda. "Leo ni cha saba, nyanya," akasema, huku akiponda kidonge katika kijiko. "Vimebaki vitatu."